Kwanini dola za wafugaji wa nyika za Asia zilikua zinainuka kwa kasi alafu zinasambaratika vizazi viwili vitatu tu?

Mtafiti wa Kijiweni

Wakuu habari za jioni, naomba tueleweshane kwenye hili maana linanikaa kichwani muda mrefu. Nimekua nikisoma historia ya zile nyika za Asia, yani ule ukanda wa majani unaoanzia Hungaria unapita juu ya Bahari Nyeusi, Kazakhstan, Mongolia mpaka unagota Manchuria, kama kilomita 8,000 hivi, na kila nikiendelea nakutana na jambo lile lile. Anatokea mtu mmoja anaunganisha koo ambazo miaka nenda rudi zilikua zinaibiana mifugo, ndani ya miaka 20 anaitetemesha China au Roma au Uajemi, alafu akishakufa yeye au watoto wake basi, ndugu wanagombana na dola inameguka vipande.

Waxiongnu, wafugaji wa kaskazini mwa China, wameanza hivyo 209 KK. Attila, mfalme wa Wahuni, kafa mwaka 453 na mwaka uliofuata tu watawaliwa wake washaasi na kushinda. Waturuki wameanza dola yao 552, haikufika miaka 60 wamegawanyika mashariki na magharibi. Hata Wamongolia pamoja na ukubwa ule, Temujin katawazwa Chinggis Khan 1206, kufika 1260 wajukuu zake wawili wanapigana vita kugombea kiti.

Sasa China nayo ilikua inaanguka, koo za kifalme zinaondolewa, lakini kila ikisimama inasimama na utaratibu ule ule, makarani, kodi, mikoa. Huku nyikani kila dola ni kama inaanza upya. Kwanini? Ni uongozi, ni hali ya hewa, ni silaha au kuna kitu kingine? Wajuzi naomba mtiririke, na kwa heshima naomba tusiishie kwenye kusema walikua watu wa kupora tu, mtu wa kupora hawezi kuendesha dola kutoka Korea mpaka Ukraine.

Kamanda Mstaafu

Mkuu jibu lipo kwenye farasi na upinde. Mtoto wa nyikani anapanda farasi toka akiwa mdogo kabisa, anachunga na kuwinda juu ya farasi, kwaiyo akifika umri wa vita hahitaji mafunzo mapya, na kila mwanaume mzima ni askari. Mkulima wa China ukimuita vitani unamtoa shambani, unamfundisha, unamlisha na ukikaa nae sana mavuno yanaharibika.

Ule upinde wao sio kijiti kilichokunjwa. Ni mbao katikati, pembe ya mnyama upande wa ndani na mishipa mikavu ya mnyama upande wa nje, vyote vimegandishwa kwa gundi, mfupi wa kutosha kuutumia ukiwa juu ya farasi lakini nguvu yake kubwa sana. Na askari mmoja wa Kimongolia anaenda vitani na farasi kadhaa, huyu akichoka anahamia kwa mwingine, ndo maana walikua wanatokea mahali ambapo adui anahesabu bado wako mbali siku nyingi.

Kuanguka kwao kumeletwa na baruti. Mizinga na bunduki zilivyokuja ule ubora wa mpiga mishale ukaisha.

Bibi Nyaraka

Kamanda umeeleza vizuri sana habari ya upinde, ila kwa swali la mleta mada haitoshi. Upinde ulikuwepo miaka yote, farasi walikuwepo miaka yote, lakini dola hazikuwepo miaka yote. Kuna vipindi virefu nyikani hakuna dola yoyote, koo tu na mifugo yao. Na baruti imekuja kuamua mambo mwishoni kabisa, wakati Attila na Waturuki washasambaratika karne nyingi kabla ya mzinga wowote. Kwaiyo lazima kuna kitu kingine.

Kwa mtazamo wangu kitu chenyewe ni mgao. Tuangalie mali ya nyikani ni nini: kondoo, mbuzi, ng'ombe, farasi, ngamia. Mali hii haiwekwi ghalani na inatembea. Mkulima ukimtoza kodi kubwa atanung'unika lakini hana pa kwenda, shamba halihami. Mfugaji ukimbana anavunja hema lake usiku, asubuhi yuko kwa chifu mwingine na askari umempoteza pia, maana mtozwa kodi na askari ni mtu yule yule. Kwaiyo Khan hawezi kutajirika kwa kuwakamua watu wake. Anatawala kwa kuwapa. Na cha kuwapa nyikani hakipo, hariri haipo, dhahabu ni kidogo, nafaka ni shida. Vyote viko kwa jirani mkulima. Khan mkubwa ni yule ambaye vitu vya jirani vinapita mkononi mwake yeye peke yake, iwe kwa vita, kwa ushuru au kwa biashara, alafu yeye ndo anawagawia machifu.

Mchukulie Modu wa Waxiongnu. Baba yake Touman alimpeleka kwa Wayuezhi, jirani zao, awe rehani, alafu akawashambulia hao hao Wayuezhi ili wamuue mtoto, kwa sababu alitaka kiti kiende kwa mtoto wa mke mdogo. Modu akaiba farasi mzuri akatoroka. Baba akaona huyu ni mwanaume, akampa wapanda farasi 10,000. Sasa Modu akatengeneza mishale inayopiga mluzi ikiruka, akawaambia askari wake popote mshale wangu unapolia na nyie pigeni hapo hapo, asiyepiga anakatwa kichwa. Siku moja akaupiga farasi wake mwenyewe kipenzi, waliosita wakakatwa. Akampiga mke wake kipenzi, kuna waliosita, wakakatwa. Akapiga farasi wa baba yake, hapo wote wakapiga, akajua wameiva. Wakaenda kuwinda na baba, mshale ukalia kuelekea kwa Touman, na mzee akaishia hapo. Hii kaiandika Sima Qian, mwanahistoria wa China mwenyewe, nyumba ya adui.

Wengi wanaishia kwenye ukatili wa hiyo hadithi, lakini dola haikujengwa na mishale ile. Imejengwa mwaka 200 KK pale Modu alipomzingira mfalme Gaozu wa Han, ukoo uliotawala China, siku 7 huko Baideng. China ikakubali kupeleka binti wa kifalme pamoja na hariri, nafaka na pombe kila mwaka, na mizigo yote inaenda kwa mtu mmoja, Modu. Kuanzia hapo chifu yeyote wa nyikani anayetaka hariri ya mke wake na ya kuwagawia watu wake lazima apite kwa Modu. Zaidi ya miaka 60 mpango ule ulishika.

Attila hivyo hivyo. Roma ya Mashariki ilianza na ratili 700 za dhahabu kwa mwaka, kufika 447 imepanda mpaka ratili 2,100, kwa vipimo vyetu ni karibu kilo 690 za dhahabu kila mwaka! Mwaka 450 mfalme Marcian akaingia Constantinople akasema silipi. Attila ikabidi aende kutafuta magharibi, Gaul (Ufaransa ya leo) 451, Italia 452, na hakupata cha kufidia. Amekufa 453, watoto wakagawana watu kama wanavyogawana mifugo, Wagepid na wenzao wakaona hawa hawana cha kutupa tena, wakaasi, wakamuua mtoto mkubwa Ellac kwenye vita ya Nedao 454. Mtoto mwingine Dengizich, kichwa chake kimeishia kuonyeshwa hadharani Constantinople mwaka 469.

Kwaiyo mkuu kuinuka na kuanguka kwao kunatoka mlango ule ule. Mali ya nje ikipitia kwa mtu mmoja dola inasimama, ikikatika au wakatokea wawili wanaoweza kuigawa, watu wanahama.

Mtafiti wa Kijiweni

Bibi Nyaraka asante sana, nimesoma mara mbili. Hilo la mtozwa kodi na askari kuwa mtu mmoja sikuwahi kulifikiria kabisa. Sasa nina maswali mawili. Moja, kama ni mgao, China si ingekata tu mgao na kumaliza kazi? Pili, mbona Wamongolia wametawala wakulima wenyewe moja kwa moja, hao si walishatoka kwenye kutegemea zawadi za jirani?

Mfugaji wa Longido

Wakuu salaam. Niongezee upande wa mifugo maana naona mnaiongelea kama hesabu tu na mimi nimezaliwa kwenye boma. Huku kwetu ukame wa 2009 ulifagia ng'ombe Longido na Monduli, mtu aliyekua anaheshimika kwa mifugo ameamka masika yanaanza hana kitu. Majira yale yale ya 2009 kuingia 2010 kule Mongolia wakapigwa na zud, yani kipupwe kikali cha kuua mifugo, ikaua mifugo zaidi ya milioni 8, karibu moja ya tano ya mifugo yote ya nchi. Tofauti sisi tunauawa na jua wao wanauawa na baridi, lakini kilio ni kimoja.

Zud mjue haiji namna moja. Theluji ikiwa nyingi tu, farasi ana uwezo wa kuichimba kwa kwato mpaka akafikia majani, kondoo anafuata nyuma anakula alipochimba farasi, ng'ombe yeye hawezi kitu hapo anawategemea wenzake. Balaa ni pale theluji inapoyeyuka kidogo alafu inaganda tena, juu panakua barafu tupu kama kioo, hata farasi anajichana miguu na majani anayaona hayafiki. Kundi linakufa limesimama juu ya chakula chake.

Sasa rudisha hilo kwenye dola. Wauyghur walikua na dola kubwa kuanzia 744, matajiri, wanawauzia Watang, watawala wa China wakati huo, farasi kwa hariri, wamejenga mji wenye kuta kule bonde la Orkhon. Mwaka 839 ikashuka theluji kubwa, mifugo ikafa, njaa na maradhi, na huko juu wakubwa wanauana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 840 Wakirgizi wakashuka toka kaskazini wakauchoma mji. Msimu mmoja mbaya ukikutana na ugomvi wa kiti inatosha kabisa.

Na kinyume chake pia kipo. Kuna wanasayansi walisoma pete za misonobari iliyoota kwenye mawe ya volkano katikati ya Mongolia, wakatoa matokeo 2014, wakakuta miaka ya 1211 mpaka 1225 ilikua na mvua kuliko kawaida, miaka mingi mfululizo. Huo ndo wakati Chinggis anatoka kwenda China kaskazini na Khwarezm ya Asia ya Kati. Majani mengi ni farasi wengi, na farasi wengi ndo jeshi. Simaanishi mvua ndo imemzaa Chinggis, lakini kwa mfugaji hiyo miaka ni fedha taslimu.

Hata huko walikoenda kupigana majani ndo yaliwapangia. Askari 10,000 kila mmoja ana farasi watatu wanne, hapo hujaweka kondoo wa kula, hao wote wanataka kula kila siku. Pale Ain Jalut Septemba 1260 Wamamluki wa Misri walipowapiga Wamongolia, jeshi kubwa Hülegü, mjukuu wa Chinggis, alikua amesharudi nalo kaskazini, kaacha kikosi kidogo na Kitbuqa. Wengi wanasema karudi kwa sababu ya kifo cha kaka yake Möngke aliyekua Khan mkuu, sawa, lakini Hülegü mwenyewe kwenye barua yake kwa mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa, 1262, anataja malisho na chakula kuisha. Shamu sio Mongolia, ukikaa na makundi yale kiangazi unawaua.

Mjukuu wa Karani

Mimi kidogo sikubaliani na Bibi Nyaraka. Nadharia ya mgao inafaa kwa Waxiongnu na Attila, kwa Chinggis inapwaya. Yule bwana hakuwaunganisha machifu kwa zawadi, aliwavunja. Mwaka 1206 aliwapanga watu upya kwa kumi, mia, elfu na elfu kumi, akateua makamanda 95 wa vikosi vya elfu, wengi ni watu waliomfuata toka shida zake, wachunga farasi, watoto wa mafundi chuma, sio wana wa machifu. Watatari na Wakerait waliopigwa wakachanganywa kwenye vikosi tofauti tofauti ili wasije wakasimama tena kama kabila. Kuhama kikosi bila ruhusa ilikua kosa la kuuawa. Kwaiyo lile la kuvunja hema usiku na kuhamia kwa chifu mwingine yeye alilifunga kabisa.

Alafu wakaajiri makarani. Yelü Chucai, Mkhitan aliyesoma, ndo aliyemwambia Ögedei, mtoto wa Chinggis aliyemrithi, msifanye China kaskazini kuwa malisho kama baadhi ya wakubwa wanavyotaka, waacheni wakulima walime alafu watozeni kodi, mtapata fedha, hariri na nafaka kila mwaka bila kupigana. Wakaweka vituo vya yam, mjumbe anabadilisha farasi kituo hadi kituo na hati ya chuma shingoni, habari zinatoka Uajemi mpaka Mongolia. Wakafanya sensa China, Urusi, Uajemi. Hii ni dola kamili yenye ofisi, na imechukua Baghdad 1258 na kumaliza Wasong, watawala wa China kusini, 1279. Kwaiyo kusema imesimama kwa kugawa vitambaa ni kuwapunja.

Bibi Nyaraka

Mjukuu wa Karani hapo umeongea kitu cha maana sana na nakubali Chinggis ndo alikwenda mbali kuliko wote kuzivunja koo. Ila mgao haukuisha, ulibadilika ukubwa tu. Nikupe mfano mmoja, Karakorum.

Ögedei aliuzungushia ukuta mji ule 1235, katikati ya nyika, mahali ambapo kilimo ni cha kubahatisha. Rashid al-Din, waziri na mwanahistoria wa Uajemi, anaandika kwamba kila siku yaliingia magari ya kukokotwa 500 ya vyakula na vinywaji kutoka China. Kila siku! Ule mji, wale makarani, mafundi, walinzi wa Khan 10,000, wote wanakula nafaka iliyolimwa na mkulima wa mbali. Sasa 1260 Kublai na mdogo wake Ariq Böke wanagombea kiti. Ariq Böke anashika Karakorum, anashika nchi ya mababu, ana wazee wengi upande wake. Kublai anashika China kaskazini. Alichofanya Kublai ni kufunga njia za nafaka. Karakorum ikakaa na njaa, Ariq Böke akahangaika kutafuta chakula kwa Wachagatai, tawi la mtoto mwingine wa Chinggis, wakamgeuka, na 1264 akajisalimisha. Aliyeshika ghala kamshinda aliyeshika nyika. Na toka hapo Khan mkubwa akahamia Daidu, Beijing ya leo, nyika ya mababu ikawa mkoa wa pembeni.

Hapo hapo ndo jibu la swali la pili la Mtafiti. Ndio, walitoka kwenye kutegemea zawadi, lakini gharama yake ni kwamba kila tawi lilioa nchi yake. Kublai maslahi yake yako China, Hülegü Uajemi, wa ukoo wa Batu, mjukuu mwingine wa Chinggis, kwenye Volga. Mwaka 1262 Berke wa Volga na Hülegü washapigana vita Kaukazi, Berke yuko upande wa Wamamluki dhidi ya binamu yake. Hawakua na sheria moja ya urithi, ni mtoto mkubwa, ni mdogo anayebaki nyumbani, ni mdogo wa marehemu, au ni yule hodari atakayekubalika kwenye kurultai, yani mkutano wa wakubwa? Kila mmoja alikua na hoja yake na zote zilikua halali kwa mila yao. Mtu hodari ndo anachaguliwa, hilo lina faida maana mzembe hafiki mbali, ila kila Khan akifa ni lazima mashindano, na kura inapigwa kwa upanga.

Swali la kwanza, China kukata mgao. Walikata. Han Wudi kuanzia 133 KK alianza vita. Mwaka 119 KK majenerali Wei Qing na Huo Qubing walivuka jangwa la Gobi wakawapiga Waxiongnu vibaya sana, lakini walitoka na farasi 140,000 na waliorudi hawakufika 30,000. Hazina ya China ikakauka, Wudi akataifisha chumvi na chuma ili kupata fedha za vita. Waxiongnu hawakuisha siku ile, wamechukua zaidi ya miaka 60 mpaka ndugu walipogombana na Huhanye akaenda mwenyewe kwa mfalme wa Han 51 KK kuomba ulinzi na hariri. Unaona? Kukata mgao peke yake ni ghali mno, jeshi la wakulima likiwa nyikani linaliwa na njaa. Kilichofanya kazi ni kusubiri wagombane alafu unampa mmoja wao.

Na wao wenyewe walijua. Bilge Khagan wa Waturuki kachonga kwenye jiwe kule Orkhon, karne ya 8, anawaonya watu wake kwamba maneno ya Wachina ni matamu na hariri yao ni laini, na kwa utamu huo Waturuki wengi wamekufa. Jiwe lipo mpaka leo. Dola yake imeanguka 744, miaka 10 tu baada ya yeye kufa.

Mwana wa Kilwa

Nimefurahi sana kuukuta huu uzi. Kuna shahidi mmoja ambaye sisi wa pwani tunamjua vizuri, Ibn Battuta. Huyu kafika Mogadishu, kalala Mombasa, kafika Kilwa 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wengi tunaishia hapo, lakini baada ya kutoka kwetu huyu huyu alipanda mpaka nchi ya Uzbek Khan, wale Wamongolia wa Volga, wakati dola yao iko kileleni na Khan ameshika Uislamu.

Anaelezea kambi ya Khan ikihama ni mji mzima unatembea, ndani yake kuna misikiti na masoko, moshi wa majiko unapanda hewani huku watu wako safarini. Anashangaa wanawake wanavyoheshimiwa, kila malkia ana msafara wake wa magari na watumishi, na Khan anasimama kumpokea malkia mkuu akiingia. Farasi anasema ni wengi na bei chini sana, wafanyabiashara wanaswaga makundi mpaka India kuuza. Alafu Sarai, mji mkuu, alitoka asubuhi kuuzunguka na rafiki yake, kufika upande wa pili ni baada ya adhuhuri, na nyumba zimeshikana njia nzima bila kiwanja kitupu.

Sasa oneni mambo yalivyogeuka, na hapa naungana na Bibi Nyaraka. Mji ule uliishi kwa misafara, hariri na manyoya na watumwa wanaopita kwenda Bahari Nyeusi kwa Wagenoa, wafanyabiashara wa Italia. Mwaka 1346 tauni ikaingia Sarai na Caffa, bandari ya Crimea. 1359 ukoo wa Batu ukakatika kwa kuuana, ndani ya miaka 20 wamekaa makhan zaidi ya 20. Tokhtamysh akaja kuwaunganisha tena, lakini akagombana na Timur, mtawala wa Asia ya Kati, na 1395 Timur akampiga mto Terek kisha akaenda kuchoma Sarai na Astrakhan na Azov, vituo vyote vya biashara. Misafara ikahamia njia za kusini kwenye nchi za Timur. Watu wa nyikani walibaki, mifugo ilibaki, wapiga mishale walibaki, ila Khan wa Volga hana tena ushuru wa kugawa. Ikameguka Kazan, Crimea, Astrakhan, na 1480 Moscow ikasimama mto Ugra bila kulipa.

Kamanda Mstaafu

Nimewasoma wote na nimefaidika, lakini baruti bado naitetea. Hizo zote mlizotaja zikianguka, nyingine inainuka. Waxiongnu wameondoka wakaja Waxianbei, wakaja Warouran, Waturuki, Wauyghur, Wakhitan, Wamongolia. Sasa niambieni baada ya 1750 ameinuka nani? Hakuna. Kuna kitu kimekata mzunguko wenyewe, na kitu hicho ni bunduki.

Bibi Nyaraka

Kamanda hilo ni swali zuri kuliko majibu yangu yote, na wa kulijibia ni Wadzungar, dola ya mwisho ya nyika, kule Xinjiang kaskazini kwa leo. Hawa bunduki walikua nazo. Walikua wanabeba mizinga midogo juu ya ngamia. Walimpata Mswidi mmoja, Johan Gustaf Renat, askari wa mizinga aliyetekwa na Warusi Poltava 1709 alafu akatekwa tena na Wadzungar 1716, akawasaidia kutengeneza mizinga na amekaa kwao miaka mingi. Walianzisha kilimo, walikua na mafundi chuma. Sio watu walioachwa nyuma na silaha.

Kilichowabana ni ardhi kufungwa pande zote mbili. Warusi wanatoka magharibi wanajenga ngome moja baada ya nyingine kufuata mto Irtysh. Wamanchu wa Qing, waliokua wanatawala China, wanatoka mashariki. Mwaka 1689 Nerchinsk na 1727 Kyakhta wakubwa hawa wawili wakakubaliana mpaka na biashara kati yao, na kwa mara ya kwanza hakuna uwazi katikati. Zamani ukishindwa unahamia magharibi mwa nyika unajipanga upya, sasa huko kuna ngome ya Mrusi anayetaka hati. Na Qing walitatua lile tatizo lililomla Wudi. Waliweka maghala ya nafaka hatua kwa hatua kupitia Gansu kuelekea magharibi, jeshi likawa linaweza kukaa nyikani zaidi ya msimu mmoja. Mwaka 1696 mfalme Kangxi wa Qing alimpiga Galdan, Khan wa Wadzungar, pale Jao Modo lakini chakula kilikua cha kubahatisha mno, askari nusura wafe na njaa. Mjukuu wake Qianlong miaka ya 1750 anapigana huku gunia linamfuata nyuma.

Na bado, mkuu, hata na maghala yote hayo Qing walisubiri. Galdan Tseren, Khan wa baadae wa Wadzungar, alikufa 1745, watoto na jamaa wakaanza kuuana kugombea kiti, mkuu mmoja anaitwa Amursana akakimbilia kwa Qing kuomba msaada. 1755 akaingia na jeshi la Qing mbele yake, wakaichukua nchi karibu bila kupigana. Alipoona hawampi ukhan mkuu akaasi, na safari hii Qianlong akaamuru wamalizwe. Kati ya vita, njaa na ndui zaidi ya nusu ya watu wale waliangamia kufika 1758, wengine wakakimbilia Urusi. Amursana mwenyewe kafa kwa ndui 1757 kwenye ardhi ya Warusi.

Kwaiyo bunduki ilikuwepo pande zote mbili. Ambacho upande mmoja ulikua nacho ni ghala barabarani na mkataba na jirani wa pili.

Mfugaji wa Longido

Hapo kwenye kufungwa pande zote mbili ndo penyewe kabisa. Mfugaji silaha yake kubwa ni kuhama. Crimea nayo imemezwa na Urusi 1783 kwa mtindo huo huo, ngome zinasogea, wakulima wanapewa ardhi ya malisho, mwaka ukiwa mbaya huna pa kupeleka kundi.

Mtafiti wa Kijiweni

Wakuu mmenifungua sana, nawashukuru wote. Bibi Nyaraka, wale Wakalmyk, wafugaji ndugu wa Wadzungar, waliokua kwenye Volga ambao 1771 waliondoka kurudi Dzungaria na wengi sana wakafia njiani, hao walikua wanaikimbia Urusi kwa sababu ya ngome hizo hizo au kulikua na ugomvi wa kiti pia?

Bibi Nyaraka

Vyote viwili mkuu. Warusi walikua wanaingiza walowezi kwenye malisho yao, wanadai wapanda farasi kwa ajili ya vita na Waturuki wa Ottoman, alafu wakabadilisha baraza la Khan ili kila uamuzi upite kwa wazee wanaowakubali wao. Khan Ubashi alikua kijana na kuna jamaa zake waliokua wanakitaka kiti chake. Wakaondoka Januari na mifugo, lakini waliokua upande wa magharibi wa Volga mto haukuganda vizuri mwaka ule, wakashindwa kuvuka wakabaki. Ndo hao wazazi wa Wakalmyk waliopo Urusi mpaka leo. Walioondoka walipigwa na Wakazakh njia nzima, wakapita kwenye ukame, na waliofika Qianlong aliwapokea na kuwapa malisho ya Ili, maana yalikua matupu toka Wadzungar wamalizwe.